Kengele Mbili za Waisiko

Dhahabu ilipoanza kupatikana kwa wingi upande wa Nyamongo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana wa kijiji chetu waliegemeza fimbo za kuchungia ukutani wakaenda kushika sururu. Wageni nao wakaja, wa Musoma, wa Shinyanga, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na bonde lililokuwa malisho likajaa mashimo, mahema ya turubai na watu wenye vumbi hadi kwenye kope. Wengi walipata kidogo, wachache walipata sana, na Waisiko, msichana wa darasa letu, akapata kazi.

Kazi zenyewe hakuziomba. Kaka yake, Kisyeri, alipokimbilia machimboni, kukamua ng'ombe alfajiri kukawa juu yake. Baba yao alikuwa mlinzi wa hoteli ya watalii kule Ikoma na alionekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo chochote kilichohitaji mtu kilimhitaji Waisiko. Mama yake, Mogesi, mwanamke mwepesi wa mikono na mgumu wa kubishana naye, alifungua kibanda cha chakula ukingoni mwa machimbo. Waisiko akawa mchota maji wa kibanda, mchambua maharage wa kibanda, na jioni mwosha sufuria, sufuria zile ambazo mtoto angeweza kuogea ndani. Katikati ya hayo yote alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika sekondari ya wazazi iliyokuwa juu ya mteremko, ikitazamana na bonde. Nilikaa naye dawati moja. Asubuhi mikono yake ilinuka maziwa, mchana ilinuka kitunguu.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kukubali kila alichoambiwa kwa upole mkubwa kisha akafanya alivyotaka. Walimu walimpenda kwa huo upole. Sisi tuliomjua zaidi tulikuwa tunasubiri kitakachofuata.

Mwaka ule tuliletewa mkuu wa shule mpya, Mwalimu Method, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata Jumamosi. Alikuja na saa ya ukutani aliyozawadiwa alikotoka, akaitundika ofisini kwake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatukusanya mstarini akatueleza kwamba umaskini wetu hautokani na kukosa dhahabu, unatokana na kutojua saa. Mwanafunzi mwenye shughuli nyingi, alisema, ndiye anayehitaji ratiba kuliko wote. Kila mmoja aende nyumbani aandike ratiba yake ya siku nzima, aje nayo kesho.

Waisiko aliandika. Aliandika kwa uaminifu, tangu kukamua hadi sufuria ya mwisho, na Mwalimu Method alipoisoma alikunja uso, akaigeuza nyuma kuona kama kuna sehemu imebaki.

"Kulala kuko wapi?" akamuuliza.

"Kuko Jumapili, mwalimu. Wakati wa mahubiri."

Darasa likacheka. Mkuu hakucheka, ila hakukasirika sana pia. Alifikiri kidogo, halafu akasema kwamba amepata dawa. Mtu asiye na muda apewe muda autunze. Kuanzia siku ile Waisiko atakuwa kiranja wa kengele. Atafika kabla ya wote, atafagia ofisi, ataangalia saa ya ukutani, na atagonga kengele ya kila kipindi. Hapo, alisema, atajifunza thamani ya dakika.

Akajifunza upesi kuliko mkuu alivyotarajia.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Sauti yake ilishuka bonde lote. Waisiko alikuwa hajamaliza juma katika cheo chake alipogundua jambo ambalo sisi wengine tulikuwa hatujaliangalia: walioishi kwa kengele ile hawakuwa wanafunzi peke yao. Alipogonga ya chakula cha mchana, saa saba, wachimbaji walianza kutoka ndani ya mashimo mmoja mmoja kama siafu baada ya mvua. Waliotakiwa kupokea zamu baada ya chakula walijiandaa kwa kengele. Zahanati ilifunga dirisha kwa kengele. Saa za mkononi zilikuwa chache, na hao wachache waliokuwa nazo, wakiwemo walimu wetu, walizirekebisha kwa saa ya ukutani ya ofisini, ambayo mkuu aliilinganisha na redio kila Jumatatu asubuhi na kisha akaiamini hadi Jumatatu nyingine.

Siku ya kwanza hakupanga. Kulikuwa na mvua usiku, kuni za mama yake zikawa mbichi, na maharage yakawekwa motoni kwa kuchelewa. Jirani na kibanda chao kulikuwa na kibanda cha Adero, mama mmoja wa Kijaluo aliyepika wali na dagaa wa ziwani, na ambaye chakula chake, kwa namna fulani ya kukera, kilikuwa tayari siku zote. Waisiko alijua kitakachotokea. Kengele italia, wachimbaji watatoka, watafunua kifuniko cha sufuria ya mama yake, watakuta maharage yanayolia kama kokoto, watahamia kwa Adero. Na jioni nani atakayenuniwa? Wakati wa mapumziko alikuwa peke yake ofisini akiwaza hayo. Saa ilikuwa imetundikwa kimo ambacho mtu mfupi akipanda kiti anaifikia.

Akapanda kiti.

Siku ile kipindi cha historia kilikuwa kirefu kidogo, na mwalimu wa historia, aliyezoea kukatishwa na kengele katikati ya sentensi, kwa mara ya kwanza alimaliza alichotaka kusema akabaki anatutazama. Bondeni maharage yaliiva. Wachimbaji walikula kwa Mogesi mpaka ukoko.

Baada ya hapo mkono ulizoea. Mama akichelewa kuwasha moto, saa inarudi nyuma. Mama akiwahi, saa inasogea mbele. Kwa Adero wali ulikuwa unapoa kwenye sufuria. Adero hakumshuku mtu. Aliwaambia wateja wake waliobaki kwamba ardhi imechimbwa mno, na jua lenyewe sasa halijui liende vipi. Kuna waliokubaliana naye.

Sisi darasani tulianza kunufaika. Fizikia ya Jumatano, iliyokuwa vipindi viwili vya mateso, ikawa fupi. Baiolojia, ambayo Waisiko aliipenda, ikarefuka. Jumatatu saa yetu ilikuwa sawa na ya Dar es Salaam, na kufika Alhamisi tulikuwa nchi nyingine. Hakuna aliyemuuliza, maana aliyeuliza angelazimika kurudishiwa fizikia yake.

Lakini hayo yote yalikuwa faida ya mama na faida yetu. Yeye mwenyewe bado alikuwa hana hata nafasi ya kufungua daftari. Kengele ya kuondoka, saa tisa na nusu, ilisikika kibandani kama ilivyosikika kila mahali, na Mogesi alikuwa na kipimo chake: kengele ikilia, mtoto awe amefika kabla yeye hajamaliza kufuta meza. Meza yenyewe ilikuwa moja. Hapo saa ya ukutani haikumsaidia kitu, kwa sababu aisogeze mbele au nyuma, mama aliisikia kengele ile ile.

Ndipo akaenda kwa Mwalimu Method na pendekezo. Alisema, kwa ule upole wake, kwamba amegundua wanafunzi wanatoroka usafi wa jioni kwa sababu usafi hauna kengele yake. Ingefaa kuwe na kengele ya kumaliza masomo, halafu baadaye kengele ya pili ya kumaliza usafi. Yeye yuko tayari kubaki kuigonga. Mkuu alifurahi kupita kiasi. Kesho yake mstarini alituambia kwamba hivi ndivyo mtu anavyokua akipewa wajibu.

Nyumbani Waisiko alimwambia mama yake kwamba shule imebadilisha utaratibu: kengele ya kwanza ni ya kukusanya madaftari, ya pili ndiyo ruhusa ya kuondoka. Mogesi alilalamika kwamba wasomi wanapenda kupoteza muda, ila akakubali.

Usafi wetu ulikuwa wa kuokota karatasi, na karatasi zenyewe hazikuwa nyingi. Muda mfupi baada ya kengele ya kwanza shule ilikuwa tupu. Walimu walikwenda kwao, mkuu akaenda kupiga pasi suruali yake, na Waisiko akabaki peke yake darasani, mlango umefungwa, jua la jioni likiingia dirishani hadi juu ya dawati. Hapo hakuna aliyemwita. Hakuna ng'ombe, hakuna ndoo, hakuna sufuria. Alipotosheka na upweke wake alitoka nje, akagonga kengele ya pili, akashuka bondeni akiwa na uso wa mtu aliyechoshwa na kazi za shule.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipofika Okello.

Okello alitokea Sirari na sanduku la saa za mkononi, za rangi ya dhahabu, zenye mikanda ya kung'aa. Mahali watu wanapotafuta dhahabu hakuna bidhaa inayouzika kama kitu kinachofanana nayo. Baada ya siku chache kila mchimbaji aliyejiheshimu alikuwa na saa mkononi, na aliyekuwa na saa alikuwa anaitazama hata pale asipokuwa na sababu. Okello alikuwa mwangalifu; alizilinganisha zote na redio yake kabla ya kuziuza.

Wa kwanza kugombana walikuwa vijana wa Mseti. Mseti alikuwa mwenye duara, yaani shimo kubwa lenye watu wake wa zamu mbili, naye alikuwa mtu mzito asiyependa kelele. Zamu iliyokuwa chini ilisema imekaa chini kuliko haki, na saa zao zilithibitisha. Zamu iliyokuwa juu ilisema imeshuka kwa kengele kama siku zote. Walianza kwa kurushiana maneno wakaelekea kwenye kurushiana koleo. Mseti akawatenganisha, akamshika Okello kwa bega, akapanda naye mteremko hadi shuleni kuuliza nani mwongo, saa au kengele.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na chakula cha mchana. Waisiko aliitwa ofisini, na kwa kuwa dirisha letu lilitazamana na la mkuu, tuliokaa nyuma tulisikia karibu kila kitu.

Mwalimu Method aliwaambia wageni, kwa heshima yenye baridi, kwamba saa ya shule hii inalinganishwa na redio ya taifa. Mseti akajibu kwamba yeye hajui ya redio, anajua watu wake wataumizana. Mkuu akamgeukia Waisiko amweleze. Waisiko akasema hana la kuongeza, ila anavyosikia saa za Okello zimetoka ng'ambo, na huenda ng'ambo wana saa yao.

Okello aliumia kweli. Alisema jua linalowaka Migori ndilo linalowaka Tarime, na kwamba babu zake wamelala pande zote mbili za mpaka bila kukosana saa. Akatoa saa moja, akatoa nyingine, akazipanga mezani. Zote zilisema jambo moja. Ya ukutani ilisema lingine. Mkuu akatazama ya mkononi mwake, ambayo bila shaka ilikubaliana na ya ukutani.

Basi wakawasha redio wakaisubiri. Muziki ulipigwa, kisha ukakatika, kisha ikaja ile milio ya saa saba kamili na sauti ya msomaji wa habari. Ukutani ilikuwa bado haijatimia hata saa sita na nusu.

Kilichomwokoa Waisiko, kwa dakika mbili tatu, ni kwamba Mwalimu Method aliipenda saa ile kuliko alivyompenda mtu yeyote pale. Hakuweza kufikiria kwamba kuna mkono uliomgusa mpenzi wake. Alisema ni betri. Betri za siku hizi ni za ovyo, zinachoka bila kutoa taarifa, naye anaomba radhi kwa ndugu Mseti na ndugu Okello. Mseti akasema basi yameisha. Mkuu akamwambia Waisiko akagonge kengele ya chakula, imechelewa.

Waisiko alikuwa ameshafika mlangoni, na mlangoni akakutana na mama yake.

Mogesi alikuwa amepanda mteremko wote na mwiko mkononi. Asubuhi alichelewa kuwasha moto, lakini kuni zilikuwa kavu; chakula kilikuwa tayari zamani, kengele haisikiki, wachimbaji wako chini ya ardhi na ugali unakauka. Alimsalimia mkuu vizuri, akaomba samahani kwa kuingia na mwiko, akauliza kama kuna msiba shuleni. Mkuu akamweleza kwamba ni hitilafu ndogo ya saa.

"Nilidhani ni jambo kubwa," Mogesi akasema, "maana mwalimu, siku nyingi nilitaka nije nikushukuru. Tangu umekuja wewe, kengele yako haijawahi kulia kabla maharage yangu hayajaiva. Hata nikichelewa, inanisubiri."

Redioni mtu alikuwa anasoma bei ya pamba.

Mkuu alimtazama Mogesi, akamtazama Waisiko, akatazama kiti kilichokuwa chini ya saa, ambacho kila siku alikikuta kimesogezwa na hakuwahi kujiuliza. Sidhani kama nimewahi kuona mtu akielewa jambo polepole namna ile.

"Na jioni?" akauliza. "Jioni anafika kwako saa ngapi?"

"Kengele ya pili ikilia. Si ndiyo mnawaruhusu?"

"Mama, kengele ya kwanza ikilia, baada ya muda mfupi wanafunzi wote wameondoka."

Sasa zamu ya kuelewa ikawa ya Mogesi, naye hakuelewa polepole. Aliuhamisha mwiko kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mseti ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, akasema kumbe miezi yote hii watu wake wamekuwa wakichimba kwa maharage. Okello akasema binti kama huyu angemfaa kwenye biashara.

Mwalimu Method akamuuliza Waisiko alikuwa anafanya nini shuleni peke yake kati ya kengele na kengele. Nadhani alitarajia jibu baya, la mvulana fulani wa machimboni. Waisiko, ambaye siku ile alikuwa amebakiwa na ukweli tu, akasema, "Siku nyingine nasoma, mwalimu. Siku nyingine nalala juu ya dawati."

Mkuu akamvua ukiranja pale pale na kumpa adhabu ya kuchimba shimo jipya la taka nyuma ya jiko. Mseti, kwa ukarimu, alijitolea kumwazima sururu. Kengele alipewa Godwin, mtoto wa katekista, aliyegonga kwa dakika sahihi hadi tukamchukia. Fizikia ikarudi na urefu wake wote.

Mama na binti waliteremka pamoja mchana ule, na haya nilisimuliwa na Waisiko mwenyewe. Mogesi alitangulia na mwiko wake mpaka wakakaribia kibanda. Hapo akasimama.

"Kwa nini hukuniambia unataka muda wa kusoma?"

"Ningekuambia, ungenipa?"

Mogesi alifikiri. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. "Nisingekupa," akasema, na wakaendelea kutembea.

Kibandani walimkuta Kisyeri. Kisyeri, tangu aende kuchimba, alikuwa hajapata dhahabu ya kujaza jino, ila kila mchana alikuwa wa kwanza kufika kwa mama yake kula, na wa mwisho kuondoka. Siku ile wachimbaji walikuwa wengi, wamechelewa na wana njaa, na wote wanajua kilichotokea, maana Okello alikuwa ametangulia. Mogesi aliwapakulia wote. Walipomaliza, alichukua sufuria ile kubwa kuliko zote, akaiweka mbele ya mwanawe pamoja na majivu na kitambaa.

Kisyeri alidhani anaombwa kuisogeza. Mama yake akamfafanulia. Akamwambia kwamba kuanzia leo anayekula hapa bila kutoa kitu ataosha, na kwamba dada yake jioni ana kazi ya shule. Kijana wa Kikurya aliyekwisha kuvuka jando, kuosha sufuria mbele ya wanaume wenzake: watu walisimama kutazama. Kisyeri akasema yeye ni mwanamume. Mogesi akamjibu kwamba hilo ameliona, na mwanamume ana mikono mirefu, atafika hadi chini kabisa ya sufuria.

"Mura," mmoja wa vijana wa Mseti akamwambia, kama tunavyomwita kijana aliyetoka jando, "usisahau na mfuniko."

Aliosha. Siku za kwanza aliosha akiwa ameipa barabara mgongo, na mtu akipita alijifanya anakagua sufuria kama imetoboka. Baadaye akazoea, na baadaye tena akawa mkali kwa watu wanaounguza ugali. Waisiko alikaa darasani kila jioni kwa ruhusa kamili, mama yake akijua, mkuu wa shule akijua. Mwalimu Method alianza kupita dirishani kuchungulia kama anasoma au analala. Mara nyingi alimkuta anasoma, na alipomkuta amelala alikohoa.

Mwaka uliofuata dhahabu ya juu juu ilipungua. Maduara yakawa yanatoa mawe matupu, wachimbaji wakasikia habari za machimbo mengine, wakafunga turubai zao wakaondoka kama walivyokuja. Adero akarudi ziwani. Kibanda cha Mogesi kikabaki na meza yake moja na Kisyeri, ambaye akarudi kwenye ng'ombe bila kuulizwa alikuwa wapi.

Ghafla Waisiko, akiwa kidato cha nne, akawa na muda wote duniani. Hakuna maharage, hakuna maji ya kibanda, hata kukamua kumerudi kwa mwenyewe. Na hapo ndipo aliposhindwa kusoma kabisa. Alikaa na kitabu tangu mchana hadi giza, akakuta amehesabu kuku wa jirani na kusuka nywele za watoto watatu. Alama zake zikashuka. Alikuja kuniambia, akiwa na hasira ya kweli, kwamba hajui watu wasio na kazi wanafanyaje kazi.

Mwishowe alimwendea mama yake akamwomba wafungue kibanda kingine. Mogesi alimkazia macho muda mrefu, akitafuta ujanja uko wapi safari hii. Hakuuona, kwa kuwa haukuwepo. Wakapata nafasi Tarime mjini, jirani na stendi ya mabasi ya Musoma. Waisiko akawa analala kwa shangazi yake hapo mjini Ijumaa hadi Jumapili, akipika uji wa abiria wa alfajiri, na kati ya basi na basi alikaa juu ya gunia la mkaa akijisomea kemia huku makonda wakimwita aongeze sukari.

Kwenye mtihani wa kidato cha nne alipata daraja la pili. Mwalimu Method alilisoma jina lake mstarini kwa sauti ya mtu anayetangaza kazi ya mikono yake, na Mogesi, aliyekuwa amekuja na kanga mpya, alimwacha aamini hivyo. Waisiko akachaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni ya wasichana, mbali, ambako wanafunzi waliamshwa, walilishwa na kulazwa na watu wengine. Alipokuja likizo ya kwanza nilimuuliza anaonaje maisha ya huko. Akasema ni mazuri, chakula kipo, maji yapo bombani, na usiku ni wa kulala. Halafu akasema kwamba ameshaanza kuuza maandazi bwenini, kidogo tu, asije akafeli.